Chupa ya Saba Haikuliwa

Kuna watu huzaliwa na jibu mdomoni, na huyu binti alikuwa mmoja wao. Nyumbani walimwita Majibu tangu ana miaka minne. Siku moja kaka yake aliuliza mbona jua halianguki, na kabla baba hajafungua mdomo, mtoto akadakia, "Limefungwa kamba." Kamba gani, nani kaifunga, imefungwa wapi, hakuna aliyeuliza. Watu walicheka, wakampigia makofi, na mtoto akajifunza palepale kwamba anayejibu haraka hupigiwa makofi. Ndivyo tunavyowaharibu wenyewe, kisha wakikua tunashangaa mbona hawawezi kusema "sijui" bila kutokwa jasho.

Shuleni akawa wa kwanza. Chuoni akawa wa kwanza. Akasonga mbele hadi utafiti wa shahada ya uzamivu, na huko ndiko alikokutana na chupa ya saba, iliyomkalia kooni miaka miwili.

Kazi yake haikuwa ngumu kueleza. Alitaka kuonyesha kwamba majivu ya kuni yanaweza kuwazuia fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa kunde ghalani mpaka mkulima akifungua gunia anakuta vumbi. Alichukua chupa kumi na mbili za kioo, akatia kila moja punje mia za kunde kutoka gunia moja, na fukusi kumi wenye njaa. Chupa sita za kwanza alizichanganyia majivu. Sita za mwisho hakuzitia kitu. Hizo zilikuwa za kuliwa, ili tofauti ionekane. Akazifunika kwa kitambaa cha wavu, akazipanga kwenye rafu, akasubiri.

Baada ya wiki sita, zenye majivu zilikuwa salama, na zisizo na majivu zilikuwa zimetobolewa hadi ukizitikisa zinamwaga unga. Zote isipokuwa moja. Chupa ya saba haikuwa na majivu hata chembe, lakini punje zake mia zilikaa nzima, zinang'aa, hazina tundu hata moja. Fukusi wake kumi walilala chini wamekufa, miguu juu, kama watu waliosusia karamu mpaka mwisho.

Sasa, katika maabara ile kulikuwa na sheria moja. Aliiweka profesa aliyemsimamia, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kwanini kwa sababu ukimwamkia tu anakuuliza kwa nini. Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Ukifungua daftari la utafiti, ukurasa wa kushoto ni wa ulichokiona na ulichokipima, unaandika kwa wino na hufuti. Ukurasa wa kulia ni wa unachodhani, unaandika kwa penseli. "Wino kushoto, penseli kulia," alimwambia kila mwanafunzi mgeni hata kabla ya kumkaribisha kiti. Wanafunzi walitania kwamba hata orodha yake ya sokoni aliiandika hivyo.

Majibu hakuipenda penseli. Aliona ni ya watoto wa darasa la kwanza. Siku ile alipoikuta chupa ya saba haijaliwa, aliona aibu kana kwamba amezabwa kofi mbele za watu. Kitu kimetokea kwenye rafu yake mwenyewe, na yeye hana la kusema! Basi akaandika upande wa kulia, kwa wino: *Unyevu uliingia chupa ya saba, ukaleta ukungu, ukungu ukaua fukusi.* Akaisoma, akaiona ina akili. Roho ikatulia.

Kosa kubwa lilikuja baadaye, nalo lilikuja kimyakimya. Daftari lilimwagikiwa maji, ikabidi anakili kila kitu kwenye daftari jipya. Katika kunakili, mkono ukienda mbio, ile sentensi iliyokuwa kulia ikahamia kushoto. Wino ni wino, mkono haukushtuka. Kutoka kwenye daftari ikaingia sura ya nne ya tasnifu, imevaa suti: *Uchunguzi ulionyesha kwamba unyevu...* Sura ya tano nayo ikapanda mgongoni mwa sura ya nne. Miaka miwili ilipita, na Majibu mwenyewe angeweza kula kiapo kwamba aliupima ule unyevu kwa mkono wake.

Na mama yake, je? Mama alikuwa fundi wa nguo, mjane, mwenye cherehani ya miguu na ulimi usiolala. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alipiga simu, na swali lake lilikuwa lilelile: "Mwanangu, unamaliza lini?" Majibu alikuwa na jibu kila mara. Desemba, mama. Juni, mama. Desemba hii haswa. Safari hii alisema, "Mwezi ujao mahafali," na mama akaenda kununua kitambaa cha zambarau, akawaambia wateja wake wote, wanaolipa na wasiolipa, kwamba binti yake anakuwa daktari, si wa sindano, wa vitabu.

Siku mbili kabla ya kikao cha kamati, Mama Kwanini alimwita ofisini. Sura zote alikuwa ameshazisaini.

"Keshokutwa Wembe atakuwepo," alisema. Wembe alikuwa mtahini kutoka nje, aliyeitwa hivyo kwa namna alivyokata maneno ya watu. "Atakuuliza kuhusu chupa ya saba. Atataka namba. Unyevu ulikuwa asilimia ngapi?"

"Ninayo, Profesa."

"Uje nayo hiyo keshokutwa, na daftari."

Majibu akashuka ngazi mbilimbili. Akafungua daftari jipya: sentensi ipo, namba hamna. Akapekua meza nzima, akavuta droo ya chini kabisa, akalitoa daftari la zamani lenye kurasa zilizojikunja kwa maji. Upande wa kushoto, kwa mwandiko wake: *Chupa ya 7. Punje 100. Matundu 0. Fukusi 10, wote wamekufa.* Basi. Upande wa kulia, unyevu na ukungu wake. Aliisoma mara tatu huku masikio yanamwaka moto. Hakupima. Ukungu wenyewe hakuuona hata kwa dawa.

Alikimbilia stoo ya vifaa. Mtunza stoo alikuwa bwana mmoja mcheshi, mnene kiasi, asiyetoa hata bomba la kioo bila saini.

"Kaka, nisaidie. Kipima unyevu, mwezi wa tatu mwaka juzi. Nani alikiazima?"

Bwana Stoo akalamba kidole, akafunua kitabu chake cha maazimo polepole, kama mtu anayefurahia. "Mwezi wa tatu... Hakuna mtu. Kilikuwa kimepelekwa matengenezo. Kilirudi mwezi wa tano."

"Hakukuwa na kingine?"

"Kilikuwepo kingine. Pua." Akacheka peke yake. Alipoona mwenzake hacheki, akafunga kitabu. "Dada, kulikoni? Umekuwa mweupe kama chaki."

"Hakuna kitu."

"Haya. Lakini hicho 'hakuna kitu' chako kimekuleta hapa mbio."

Majibu alirudi mezani kwake. Ilikuwa saa nane mchana, maabara tupu, wenzake wamekwenda kula. Tuseme ukweli: usidhani aliwaza mambo makubwa ya heshima ya elimu. Aliwaza gauni la zambarau. Aliwaza mama yake akiwaambia wateja kwamba mahafali yameahirishwa, na wale wenye husuda wakisema pole huku wanajiuma vidole wasicheke. Aliwaza kamati ikimfukuza. Akafungua daftari jipya upande wa kushoto, akashika kalamu. Asilimia themanini na moja. Nani angejua? Wembe hakuwepo, na Bwana Stoo hasomi tasnifu za watu. Kalamu ikagusa karatasi, ikaacha nukta.

Simu ikalia. Mama. Siku ya Jumanne!

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Tatizo la nini? Nina mkasi mkononi hapa. Kiuno chako ngapi?"

"Kilekile cha zamani."

"Umepima?"

"Mama, ni kilekile. Mwili wangu siujui?"

"Nimekuuliza umepima, sijakuuliza unaujua. Chukua tepu."

"Mama, nina kazi..."

"Chukua tepu! Kitambaa nikishakikata hakirudi."

Kwa hasira Majibu akachukua futi ya kamba waliyokuwa wakipimia rafu, akajizungushia. Akatazama. Akajizungushia tena.

"Inchi mbili zimepungua," alisema kwa sauti ndogo.

"Si umeona? Ningekata kwa maneno yako ungevaa gunia siku ya watu." Mama akacheka. "Mbona umekonda hivyo? Unakula wewe?"

"Ninakula, mama."

"Haya. Nimeandika." Akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake.

Majibu alikaa na ile kamba kiunoni. Tangu lini alikuwa amepungua inchi mbili? Mwili wake mwenyewe, anaulalia na kuamka nao, na bado alikuwa ameujibia tu. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akalia haswa, kamasi na yote, akaegemeza kichwa juu ya daftari. Alipomaliza akafunika kalamu. Nukta akaiacha palepale, kwa sababu upande wa kushoto haufutwi.

Alhamisi kamati ilikaa. Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu, pangaboi linalogugumia. Wembe alikaa katikati, mwembamba, nywele nyeupe, penseli sikioni kama fundi seremala. Kushoto kwake alikuwa profesa wa mimea, baba mnene aliyekuwa akisinzia, na kulia mama wa takwimu, asiyesinzia kamwe. Mama Kwanini alikaa pembeni, kwa kuwa msimamizi haruhusiwi kumsaidia mwanafunzi wake.

Majibu akaeleza majivu, akaeleza fukusi, akaeleza chupa. Alipofika ya saba, Wembe akainua kidole.

"Hapo. Unyevu ulikuwa asilimia ngapi?"

Makofi ya utotoni yote yalikuwa yakimsubiri Majibu upande wa pili wa jibu. Akapiga moyo konde.

"Sikupima," alisema. "Kipimo hakikuwepo. Nilikisia, kisha wakati wa kunakili nikaiweka dhana yangu upande wa kushoto, nikaiamini. Jana nimeandika ukurasa mmoja wa masahihisho, huu hapa. Kwa nini chupa ya saba haikuliwa, sijui."

Baba wa mimea akaamka. Mama Kwanini akavua miwani.

"Hujui," alisema Wembe.

"Sijui."

"Na sura ya tano imesimama juu ya nini?"

"Haijasimama juu ya kitu, Profesa."

Majibu alitazama viatu vyake, akasubiri kuambiwa atoke nje. Wembe akasoma ule ukurasa wa masahihisho, akausoma tena, akauliza kitu ambacho Majibu hakukitarajia hata kidogo.

"Hizo punje bado unazo?"

"Zipo kabatini."

"Kazilete."

Akazileta. Na hapa laiti ungekuwepo ukaona mwenyewe! Wale wakubwa watatu, wenye vyeo virefu kuliko majina yao, waliinuka wakaizunguka chupa, vichwa vikigongana. Baba wa mimea akamwaga punje mkononi, akazinusa, akasema ganda linaonekana gumu, huenda ni mbegu tofauti iliyochanganyika guniani. Mama wa takwimu akasema punje mia zote? Haiwezekani, gunia ni moja. Wembe akasema pengine tatizo si punje, pengine ni fukusi, pengine wote walikuwa madume, hawakuzaliana. Majibu akasema aliwahesabu, majike walikuwa watano. "Ulihesabu au unadhani?" akauliza Wembe. "Nilihesabu, ipo kushoto, siku ya kwanza." Wembe akakuna kichwa kwa penseli. "Basi mimi nimeishiwa," alisema, na hakuonekana kuona aibu yoyote. Alionekana kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea. Majibu alimkodolea macho. Hakujua kwamba mtu anaweza kukwama hivyo na bado akabaki mtu mzima.

Hukumu ilikuja hata hivyo, maana kupendeza ni kupendeza na kazi ni kazi. Sura ya nne na ya tano zikafutwa. Majaribio yarudiwe, chupa ya saba ichunguzwe upya, arudi mbele ya kamati baada ya mwaka mmoja, pengine zaidi. Wembe aliongeza kwamba kama uongo ule wangeugundua wenyewe, baada ya kusaini, asingekuwa na pa kurudi. Alisema bila ukali, lakini alisema.

Ukumbini, Mama Kwanini alimshika mkono.

"Wino upande wa kulia," alisema.

"Ndiyo, Profesa. Nisamehe."

"Na mimi nikasaini. Mara mbili. Mimi, ninayemuuliza hata mlinzi wa getini kwa nini, sikukuuliza wewe, kwa sababu ulikuwa unajibu vizuri." Alitikisa kichwa, macho yake mekundu. "Tumeponzana, mwanangu." Akatoa penseli kwenye mkoba, akampa. Haikuwa hata mpya, na kichwani ilikuwa imetafunwa.

Jumamosi Majibu akaenda nyumbani. Njia nzima alijifunza maneno ya kumwambia mama, na alipofika yote yakayeyuka. Mama alikuwa kwenye cherehani, na gauni la zambarau limetundikwa ukutani, limekamilika, zuri kiasi cha kumkata mtu maini.

"Vaa nikuone," mama alisema.

"Mama, sihitimu mwezi ujao."

Mguu wa mama ukasimama. Majibu akamweleza yote, wadudu, wino, Wembe. Mama alisikiliza akiwa ameshika kitambaa cha mtu mwingine mapajani.

"Sasa lini?"

Hapo jibu lilikuwepo. Lilikuwa tayari mdomoni, tamu, lina mwezi na mwaka.

"Sijui, mama."

Mama akamtazama. Akanyoosha mkono, akamgusa paji la uso kama anayepima homa. Kisha akageuka akaanza kushona, akashona mshono mzima, akaukata uzi kwa meno. Alikuwa ameumia, na hakuficha. Alikuwa ameshawaambia watu.

"Kila Jumapili uliniambia mwezi," alisema hatimaye. "Kila Jumapili. Mimi niliuamini huo mwezi, nikauhesabu kwa vidole."

"Najua. Nilikuwa nakisia."

"Sasa mbona ulisema kama unajua?"

"Niliogopa utahuzunika."

"Nimehuzunika sasa," mama alisema. "Nimehuzunika mara moja. Zile nyingine ulikuwa unanihuzunisha kwa awamu." Akainuka, akalitungua gauni, akaligeuza ndani nje, akamwonyesha pindo na mishono ya ubavuni. Kulikuwa na kitambaa cha ziada kimekunjwa humo, inchi mbili kila upande, kimeshonewa kwa uzi mlegevu. "Uliponiambia umepungua inchi mbili nikasema huyu hajatulia, anaweza kunenepa, anaweza kuzidi kukonda. Nikaacha. Litakungoja." Akalikunja, akalitia sandukuni, akafunga. Kisha, akiwa bado amempa mgongo, akauliza:

"Na hao wadudu, walikuwa na njaa kweli?"

"Njaa kali."

"Na chakula kipo mbele yao."

"Kipo."

"Na hakuna aliyewakataza."

"Hakuna niliyemwona."

"Mh!" mama alisema, akakaa juu ya sanduku. "Sasa walikataa kwa nini?"

Wiki iliyofuata Majibu alichukua punje ishirini kutoka chupa ya saba, akazitia kwenye chupa mpya na fukusi kumi wapya, majike watano, madume watano, akawahesabu mara mbili na kuandika kushoto. Kipima unyevu alikiazima kwa saini, na Bwana Stoo akamwambia asisahau na pua. Upande wa kulia, kwa ile penseli iliyotafunwa, akaandika neno moja tu: *Sijui.*

Jumapili baada ya chakula cha mchana simu ikalia. Majibu akajikaza kwa lile swali la miaka yote.

"Wamekula?" mama aliuliza.

"Hawajala."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

"Jamani! Kwa nini?"

Majibu aliinama akaitazama chupa. Fukusi mmoja alipanda juu ya punje, akaizunguka, akashuka akaenda zake.

"Sijui," alisema, na hakutokwa jasho.

"Basi kaangalie vizuri," mama alisema. "Nitapiga tena Jumapili."